Kisanduku cha NIDA Kitengenezwe Mara Moja

Programu ya kompyuta ya ushirika wa zabibu, tuseme Hombolo au Mpunguzi mkoani Dodoma, huuliza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kila mahali: mwanachama anaposajiliwa, mzigo unapopimwa, malipo yanapotoka. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwandishi wa programu mwenye haraka hukichora kisanduku cha kuijazia namba hiyo kwenye fomu ya kwanza, kisha hunakili na kubandika kwenye nyingine. Mhasibu akiomba kikatae tarehe isiyokuwepo, kama 30 Februari, fomu mbili hurekebishwa, ya tatu husahaulika. Kosa linapitia hapo hapo.

Kitoe kisanduku hicho kiwe kipande kinachojitegemea. Kwenye Windows Forms na WPF, zana za Microsoft za kujengea programu za Windows, utarithi klasi (kiolezo cha msimbo) ya UserControl. Kwenye Qt, zana nyingine ya kazi hiyo, utarithi QWidget. Ukaguzi wa tarakimu na ujumbe wa kosa vikae humo ndani. Karani akibandika namba yenye vistari, kipande kiviondoe chenyewe, kisimgombeze. Kwa nje kitoe mambo mawili tu: namba iliyoandikwa, na taarifa kwamba imebadilika. La kufanya baada ya hapo iamue fomu.

Wengi huteleza kwenye hifadhidata. Ukifungua muunganisho wake ndani ya konstrakta (msimbo unaoendeshwa kipande kinapoundwa) ya UserControl ya Windows Forms, ujue konstrakta hiyo huendeshwa hata unapokiweka kipande kwenye fomu ndani ya Visual Studio, programu unayoandikia msimbo, kabla programu haijawashwa. Mwenzako asiye na hifadhidata kwenye kompyuta yake ataona kosa badala ya fomu, na atakulaumu kwa haki. Kwenye WPF mtego ni DataContext, yaani chanzo ambamo kipande hutafuta data yake: kipande kikijiwekea chake, viunganishi vya data (bindings) ambavyo fomu imekiwekea huanza kutafuta data ndani ya kipande, na kisanduku hubaki kitupu.

Upana usiufunge kwa pikseli. Skrini za ofisini hazilingani.

Si kila kitu kinastahili kutengwa, hata hivyo. Kinachotumika kwenye fomu moja kiache hapo hapo. Na kipande kikianza kujaa masharti ya "kama ni malipo, ficha hiki, kama ni usajili, onyesha kile", hapo pana vipande viwili vilivyolazimishwa kuishi pamoja. Vitenganishe. Kilichobaki safi kihamishie kwenye maktaba yake ya msimbo, ili programu ya ushirika wa alizeti Kongwa ikichukue bila kubeba chochote cha zabibu.