Sabuni ya nyumbani na hofu ya kostiki

Sokoni Kibuye, Kisumu, wapo wateja wanaoamini kuwa sabuni ya kutengenezwa nyumbani huchoma ngozi kwa sababu ina kostiki soda, kemikali kali inayotumika kutengeneza sabuni. Hofu hiyo ina msingi: kostiki yenyewe huchoma kweli, ndiyo maana mpishi wa sabuni huvaa glavu. Lakini ikikutana na mafuta hugeuka, vyote viwili vikawa sabuni na gliserini. Kilo 1 ya mafuta ya nazi humaliza takriban gramu 183 za kostiki. Mpishi makini huweka kostiki pungufu kidogo ya hapo, ili isibaki kwenye sabuni. Muulize muuzaji kama alipima kwa mizani (kijiko hakiaminiki hapa) na sabuni ilikaa wiki ngapi kukomaa kabla ya kuuzwa. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida. Kisha ikate. Ukikuta mabonge meupe au majimaji ndani, huenda ni kostiki iliyobaki; usiipake mwilini.