Mtihani mgumu wa uraia wa Marekani umo ndani ya faili lako

Wengi wanaokuja kuniulizia uraia huingia na kijitabu cha maswali ya historia mkononi. Wamekariri idadi ya maseneta, majina ya marais, mwaka wa uhuru. Nawapongeza, kisha nawaomba kitu ambacho hawakukileta: karatasi za zamani. Fomu za kambi ya wakimbizi, barua ya kuingia nchini, kodi za miaka mitano, cheti cha ndoa, na talaka kama ipo. Kazi yangu hapa Kentucky ni kuandaa maombi ya uraia. Mimi si wakili, ila nina kibali cha Wizara ya Sheria cha kuwawakilisha watu mbele ya idara ya uhamiaji, USCIS. Na ninaowaona wakikwama, wengi hukwama kwenye faili lao kabla hata Kiingereza hakijawasumbua.

Niumalize mtihani haraka, maana hauna siri. Ukituma fomu ya kuomba uraia, N-400, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, unasomea maswali 128. Afisa anauliza hadi 20 na unafaulu ukipata 12. Aliyetuma kabla ya hapo yuko kwenye utaratibu wa zamani: maswali 100, anaulizwa 10, apate 6. Kisha unasoma sentensi moja kwa sauti na kuandika nyingine kwa imla, ukiwa na nafasi tatu kwa kila zoezi. Ukishindwa sehemu moja, unaitwa tena kati ya siku 60 na 90 kurudia hiyo tu. Maswali yote na majibu yake yamewekwa bure kwenye tovuti ya USCIS, kwa hiyo anayekuuzia kitabu chake anakuuzia maji ya mvua.

Sasa faili. Kila mhamiaji ana namba inayoanza na herufi A, na nyuma ya namba hiyo kuna faili lenye yote uliyowahi kuiambia serikali ya Marekani, tangu usaili wa kwanza kambini, iwe Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Afisa atakayekuhoji anakuwa nalo. Wewe umeshasahau ulichosema miaka kumi na miwili iliyopita ukiwa na njaa, mtoto anakulilia mgongoni, mkalimani ana haraka. Karatasi haijasahau.

Tatizo ninaloliona zaidi kwa ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi ni orodha ya familia. Marehemu kaka yako aliacha mtoto, ukamlea, kambini akaandikwa mwanao. Kwa mila zetu ni mwanao kweli, na hakuna mzee kijijini angekuita mwongo. Mume aliyepotea vitani akaachwa nje ya fomu kwa kuwa hakuna aliyejua kama yu hai. Binti aliyekwisha kuolewa akaandikwa hajaolewa ili asibaki peke yake kambini. Sheria ya Marekani haizitazami habari hizi kwa jicho hilo. Mtoto, kwa sheria hiyo, ni uliyemzaa, wa kambo, au uliyemuasili kwa utaratibu wa mahakama. Ukimjibu afisa ukweli leo, akakuta faili linasema vingine, swali lake linalofuata halitahusu Katiba.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na siubadilishi kwa mtu yeyote: kama unajua kuna tofauti, usitume N-400 kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Anaweza kuomba nakala ya faili lako USCIS mkasome pamoja kilichoandikwa. Tofauti nyingine huelezeka kwa barua na ushahidi. Nyingine zinagusa namna ulivyopata ukaazi wenyewe, na hapo ombi la uraia linaweza kukupeleka mahakama ya uhamiaji badala ya ukumbi wa kiapo. Hakuna anayekulazimisha kuomba uraia mwaka huu. Na usidanganye upya ili ulingane na uwongo wa zamani. Hilo ndilo kosa lisilosameheka, na linaweza kukuvua uraia hata baada ya kuapa.

Halafu kuna tarehe ya kuzaliwa. Nenda kwenye jumuiya yoyote ya wakimbizi ukaulize birthday. Nusu ya ukumbi watakwambia tarehe 1 Januari. Si kwamba wote walizaliwa siku moja, ni karani tu aliyehitaji kujaza kisanduku. Kama una cheti halisi chenye tarehe nyingine, sema kabla ya kuapa, maana kuibadilisha kwenye cheti cha uraia baadaye ni shughuli pevu. Kwa wazee, umri una uzito mwingine nitakaoueleza mbele kidogo.

Ndoa na kodi huja pamoja, ingawa watu hawadhani. Mwanamume amefika peke yake, mke yuko bado Kigoma anasubiri. Kila mwaka anayemfailia kodi anamwandika hajaoa, kwa kuwa mke haonekani nyumbani. Kwenye N-400 anaandika ameoa. Serikali ni ileile, karatasi mbili zinapingana, na zote mbili zimetiwa saini yake chini ya onyo la adhabu ya uwongo. Kodi zinaweza kusahihishwa kwa fomu ya marekebisho, na ni vyema zisahihishwe kabla ya usaili, siyo baada ya afisa kuuliza. Kama unadaiwa na mamlaka ya kodi, IRS, ingia mkataba wa kulipa kidogokidogo na uje na ushahidi wa malipo. Deni peke yake halikunyimi uraia. Kukaa kimya ndiko kunakoharibu.

Fomu inauliza pia umeoa au kuolewa mara ngapi. Ndoa ya mila iliyotolewa mahari, kama ilitambulika kisheria pale ilipofungwa, inahesabika hata kama hakuna cheti. Na kuna swali la kuwa na zaidi ya mwenzi mmoja kwa wakati mmoja. Waislamu wenzangu hulisoma wakacheka, lakini aliyeishi katika ndoa ya mitala ndani ya miaka mitano kabla ya kuomba, ombi lake linakataliwa. Dini yako haimhusu afisa. Sheria ya ndoa ya Marekani inamhusu.

Kuna kisanduku kimoja kinachoniudhi kuliko vyote. Unakwenda kuchukua leseni ya udereva, karani anakuuliza maswali kumi kwa kasi, unasema «yes» kwa yote kwa adabu tu, na mojawapo lilikuwa kama ungependa kujiandikisha kupiga kura. Miezi michache baadaye kadi ya mpiga kura inakuja kwa posta. Asiye raia hana ruhusa hiyo, na kudai uraia usio nao ni kosa zito mno katika sheria ya uhamiaji, zito kuliko makosa mengi ya polisi. Kama kadi hiyo imekufikia, usipige kura, usiitupe, na usijaze N-400 kwanza. Ipeleke kwa wakili.

Kusafiri nako kuna hesabu zake. Kwa kawaida unatakiwa uwe na miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, au mitatu kama muda huo wote umeishi na mwenzi ambaye ni raia, na unaweza kutuma ombi siku 90 kabla ya muda kutimia. Kwa aliyekuja kama mkimbizi, miaka mitano huhesabiwa tangu siku aliyotua, si siku aliyopokea grinikadi. Angalia tarehe ya ukaazi iliyochapwa juu ya kadi yenyewe. Ndani ya miaka hiyo mitano, angalau nusu ya muda mwili wako uwe Marekani, na safari moja isizidi miezi sita. Mtu anakwenda kuzika, anakaa arobaini, anauguza mama, anashikwa na mambo ya mirathi, anarudi baada ya miezi minane. Hapo itabidi athibitishe kwamba makazi yake yalibaki Marekani: kodi ya nyumba iliendelea kulipwa, kazi ilimsubiri, watoto walikuwa shuleni. Akizidisha mwaka mzima, hesabu kwa kawaida inavunjika, na kuthibitisha hakusaidii.

Kuhusu wanaotujazia fomu. Kila mji una kaka anayejua kompyuta, na kwa dola mia moja atakumalizia N-400 kwenye meza ya jikoni. Ukurasa wa maswali ya «umewahi» anaupiga «hapana» kutoka juu hadi chini. Umewahi kukamatwa? Hapana, ingawa polisi walikuja nyumbani ile usiku ya ugomvi wakakufunga pingu na kesi ikafutwa asubuhi. Iliyofutwa nayo inatajwa. Kisha anafika mwisho, kwenye maswali ya kuunga mkono Katiba na kuwa tayari kuapa, na huko nako anaweka «hapana» kwa mazoea. Afisa ataipitia fomu nzima nawe, swali kwa swali, na hapo ndipo Kiingereza kinapohitajika kweli. Kwa hiyo mimi huwafundisha wanafunzi wangu maneno ya fomu kabla ya maswali ya historia: kiapo, kukamatwa, kufukuzwa nchini, kutoa madai ya uongo, kubeba silaha. Anayeyajua maneno hayo kwa maana, akaweza kumwambia afisa «sijaelewa, rudia tafadhali», ana hali nzuri kuliko aliyekariri marais wote.

Wazee wetu wana njia yao. Mwenye miaka 50 na ukaazi wa kudumu wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza. Anafanya wa uraia tu, kwa Kiswahili, na mkalimani. Mwenye 65 na ukaazi wa miaka 20 anapewa orodha fupi ya maswali 20, anaulizwa 10, na 6 yanamtosha. Ndiyo maana nasema bibi aliyeandikwa mdogo kuliko alivyo amepoteza kitu. Kwa mgonjwa ambaye ubongo au mwili hauwezi kujifunza kabisa kuna fomu N-648, inayojazwa na daktari. Iandikwe kwa kina jinsi maradhi yanavyozuia kujifunza, maana «kasahau sana» peke yake hurudishwa.

Ada ni dola 760 kwa karatasi na 710 mtandaoni. Wenye kipato cha chini wanaweza kuomba wapunguziwe walipe dola 380, na wenye kipato kidogo zaidi wanaweza kuomba wasamehewe yote. Jambo la kuangalia: mwishoni mwa 2025 USCIS ilisimamisha maamuzi ya maombi ya watu wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, kwa hiyo Warundi na wengine waulize hali ilivyo kwa nchi yao kabla ya kulipa.

Swali la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini: na uraia wa nyumbani? Kiapo cha Marekani kina maneno ya kuacha utii wa kwingine, lakini siku hiyo unachorudisha ni grinikadi, siyo pasipoti ya kwenu. Jibu linatoka kwenye sheria ya kwenu. Mkenya wa kuzaliwa, tangu Katiba ya 2010, hapotezi uraia wake. Rwanda na Burundi zinaruhusu uraia wa nchi mbili, na Uganda pia kwa utaratibu wa kuomba. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari anaupoteza wa kwetu. Serikali imechagua njia ya hadhi maalumu kwa waliopo nje, ambayo si uraia. Watanzania wenzangu, fikirini hili na familia kabla ya fomu, hasa wenye mashamba na viwanja.

Na kama una mtoto aliye karibu kutimiza miaka 18, usichelewe kwa hofu ya Kiingereza. Mtoto chini ya umri huo, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi nawe chini ya malezi yako kisheria, anakuwa raia papo hapo siku unayoapa, bila fomu wala mtihani. Akitimiza 18 wiki moja kabla ya kiapo chako, ataomba mwenyewe na kulipa mwenyewe. Serikali haitakutumia cheti chake. Njia ya haraka ni kumwombea pasipoti: beba cheti chako cha uraia, cheti chake cha kuzaliwa na grinikadi yake, na kama yuko chini ya miaka 16, wazazi wote wawili muende naye au asiyekuja atoe ridhaa yake kwa maandishi.