Je, wajua kwa nini nenosiri la diski nzima hubadilika kwa sekunde chache?

Diski ya terabaiti 1 iliyosimbwa yote, yaani data yake imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, imejaa faili za wateja, hubadilishiwa nenosiri kwa sekunde mbili tatu. Lakini kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, kuisoma tu kungechukua karibu saa 2, na kuiandika upya saa 2 nyingine. Inakuwaje?

Wengi hudhani nenosiri ndilo linalosimba data. Silo. Diski inaposimbwa mara ya kwanza, kompyuta huzalisha ufunguo wa nasibu, mrefu kiasi cha biti 256 au 512, na huo ndio unaosimba kila kitu. Mtumiaji hauoni kamwe. Nenosiri lake hupitishwa kwenye hesabu iliyofanywa nzito makusudi; LUKS2, mfumo wa Linux wa kusimba diski, hutumia hesabu iitwayo Argon2id, inayokula muda na kumbukumbu ili kumchosha anayebahatisha. Kinachotoka humo husimba kitu kimoja tu: ule ufunguo wa nasibu. Ni kama ufunguo wa ghala uliofungiwa kwenye kikasha kilichotundikwa mlangoni pa ghala lenyewe. Kubadilisha nenosiri ni kubadilisha kufuli ya kikasha. Mlango na mzigo haviguswi. Ndiyo maana watu kadhaa huweza kufungua diski moja kwa manenosiri tofauti: kila mmoja ana kikasha chake, na ndani yake mna ufunguo uleule. LUKS1, toleo lililotangulia LUKS2, ina nafasi 8 za vikasha, LUKS2 hadi 32.

Ni ubunifu mzuri sana, ila una matokeo ambayo anayetunza data za watu hana budi kuyajua. Aliyewahi kunakili sehemu ya mwanzo ya diski, yenye vikasha hivyo, na anajua nenosiri la zamani, bado anaweza kuifungua. Kwenye SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, mabaki ya kikasha cha zamani huenda yakabaki katika chembe ambazo mfumo hauzifikii tena, ingawa kuyatoa si kazi rahisi. Nenosiri likivuja, kwa LUKS tumia amri ya `cryptsetup reencrypt`, inayobadilisha ufunguo wenyewe. Kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, ondoa usimbaji wote kisha usimbe upya. Hapo ndipo zile saa hulipwa.

Kinyume chake pia ni kweli: kikasha kikiharibika na hakuna kingine, data nzima iliyo salama haisomeki tena hata kwa nenosiri sahihi. Chukua nakala yake kwa `cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file kichwa.img`, ukiweka jina la diski yako, na uihifadhi kwingine.

Nakala hifadhi za faili ni suala jingine. Diski ikiwa imefunguliwa, faili hutoka wazi, hivyo diski ya nje inayozipokea lazima isimbwe yenyewe, au utumie programu ya nakala hifadhi inayosimba yenyewe, kama restic au Borg. Nazo zina kikasha chao: `restic key passwd` hubadilisha nenosiri bila kugusa data.

Kila ubadilishapo nenosiri la LUKS, chukua `kichwa.img` mpya na uangamize ya zamani, kwa sababu ile bado inalikubali nenosiri uliloliacha.