Kidonda cha kung’atwa na mbwa kimekauka, kirusi bado kiko safarini

“Lakini kidonda kilishapona, daktari. Chanjo ya nini tena?” Kauli hii inaniumiza kila ninapoisikia, kwa sababu anayeisema ameng’atwa na mbwa na bado ana nafasi ya kuishi, naye anaichezea.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisubiri kwenye ngozi. Mate ya mbwa mwenye ugonjwa yakishaingia kwenye nyama, kirusi hutafuta ncha ya neva, pale inapogusana na msuli. Hapo kuna vipokezi, yaani sehemu za kushikia juu ya seli, nacho kirusi hujishikiza kwa protini zilizochomoza juu yake hadi seli yenyewe ikimeze. Kikishaingia, husafirishwa ndani ya neva kuelekea uti wa mgongo, kikivuka kutoka neva moja hadi nyingine mahali zinapoungana, mpaka ubongoni. Njia hiyo haiamshi kinga mapema, ndiyo maana husikii homa wala uvimbe. Safari huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu. Aliyeng’atwa kichwani au usoni huweza kuugua mapema zaidi. Toka ubongoni kirusi hushuka hadi kwenye tezi za mate. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona.

Ule mwendo wa taratibu ndio unaotupa nafasi. Mwaka 1885 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, akiwa ameshang’atwa, na mtoto akaishi. Kwa hiyo hata kama ni wiki ya tatu na kovu limekauka, njoo leo.

Kupima damu kwanza? Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia umeambukizwa kabla ya dalili. Na zile sindano nyingi za tumboni ni habari za zamani. Siku hizi ni chache, tena za begani.

“Mbwa mwenyewe ni mzima, tena ni wa nyumbani.” Mate yake huanza kubeba kirusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Mfungie mumwangalie siku 10, lakini chanjo ianze.

Pilipili, majivu, mafuta ya taa, jiwe la nyoka: acheni, jamani! Kirusi hiki kina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Mtoto atalia, mshikeni, endeleeni kuosha, kisha mleteni.