Hiki Kihami Hakihami: Dhana Potofu Kuhusu Manganisi Ndani ya Bi2Se3

Wanafunzi wanaoniletea kristali za Bi2Se3 (selenidi ya bismuthi, kihami cha topolojia: nyenzo inayotarajiwa kuhami umeme ndani na kuupitisha usoni) zilizotiwa manganisi huja na sentensi moja, utadhani wameikariri pamoja: "Ndani ni kihami, kwa hiyo ishara ya rezonansi inatoka usoni." (Rezonansi: spini za manganisi, yaani sumaku ndogo za elektroni zake, zikinyonya maikrowevu ndani ya uga wa sumaku.) Hapana.

Kwanza, hoja yenyewe imesimama kichwa chini miguu juu. Ndani kungekuwa kihami kweli, maikrowevu yangeipenya kristali nzima na kuamsha kila atomi ya manganisi, ya usoni na ya katikati. Pili, ndani hakuhami. Pengo la nishati la eV (elektronivolti) 0.3, ambalo elektroni lazima zilivuke ili zipitishe umeme, lipo, lakini kristali hizi hupoteza seleni zinapokua, na kila nafasi iliyobaki wazi humwaga elektroni huru. Pima ukinzani mahususi kabla ya kunijia. Mara nyingi utakuta karibu miliomu-sentimita 1. Hapo maikrowevu ya gigahezi 9.4 huzama mikromita 15 hivi. Hali za uso unazozitafuta, yaani elektroni zinazopitisha umeme usoni tu, hazizidi kina cha nanomita chache. Manganisi ya usoni haifiki hata moja ya elfu ya unachopima! Na ule mstari wa rezonansi ulioegemea upande mmoja, mnaopenda kuuita alama ya topolojia, ni umbo la Dyson, linalotokea maikrowevu yanapofifia ndani ya kitu kinachopitisha umeme. Hata kipande cha lithi hulitoa.

Wengine hudai manganisi lazima ionyeshe mistari sita ya rezonansi. Kiini chake kina spini 5/2, kwa hiyo sita huonekana atomi zikiwa zimetengana. Zikisongamana, spini hubadilishana haraka na yote huungana kuwa mstari mmoja. Wenye kristali zilizotiwa chromi wasiitafute kabisa mistari hiyo: viini tisa kati ya kumi vya chromi havina spini.

Eti atomi yoyote ya sumaku hufungua pengo la nishati kwenye hali za uso? Usumaku lazima upangike, tena wima kwa uso. Na pengo si lazima liwe la usumaku: mwaka 2016 iliripotiwa kuwa pengo la Bi2Se3 yenye manganisi hubaki hata kwenye joto la chumbani, ambapo usumaku wake umekwisha kusambaratika zamani.

Bado unabisha? Imenye kristali kwa utepe wa gundi hadi iwe nyembamba kuliko mikromita 15, kisha uipime katika unene tofauti. Nyuso zitabaki mbili vilevile. Ishara ikipungua kadiri unene unavyopungua, inatoka ndani. Utepe ninao.