Dawa nyekundu iliyotoka udongoni

Kuna dawa ya saratani ya matiti ambayo wagonjwa wengi hawaiiti kwa jina lake. Huiita "ile nyekundu". Mimi ni mfamasia wa dawa za saratani, na kila ninapoiandaa huhakikisha mgonjwa ameambiwa mapema kwamba mkojo wake utabadilika rangi kwa siku moja au mbili, na kwamba hiyo si damu. Rangi ni ya dawa yenyewe, doksorubisini, na aliyeitengeneza kwanza ni bakteria.

Nalisema hili kwa sababu habari za "bakteria wanaotibu saratani" zinasambaa kana kwamba ni muujiza wa juzi. Bakteria wamo katika matibabu ya matiti kwa zaidi ya miaka 50. Hatuwaingizi wenyewe mwilini. Tunatumia sumu wanazozitengeneza.

Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, na ndani yake wakampata bakteria aitwaye Streptomyces peucetius, mwenye kutoa kemikali nyekundu. Kutokana na aina yake iliyobadilishwa vinasaba maabara, ikapatikana doksorubisini, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1974. Dawa hii hujipenyeza katikati ya ngazi za DNA na kukibana kimeng'enya kinachoifungua na kuiunga DNA seli inapojigawa. Nyuzi hukatika, zikashindwa kuungwa, na seli ikafa.

Jambo linalonishangaza hadi leo ni hili: huyo bakteria mwenyewe ana DNA. Kwa nini sumu yake haimwui? Ana pampu kwenye utando wake, inayoisukuma dawa nje mara inapotengenezwa. Seli za saratani nazo zina pampu ya ukoo huohuo. Uvimbe uliokuwa ukinywea ukianza kukua tena katikati ya tiba, mara nyingine sababu ni kwamba seli zake zimeongeza pampu hizo. Kinga aliyojijengea kiumbe wa udongoni ndiyo inayotutoa jasho wodini.

Moyo hauna ulinzi wa kutosha dhidi ya dawa hii. Ndiyo maana tunapima moyo kabla ya kuanza, na tunajumlisha kila dozi ambayo mgonjwa amewahi kupewa maishani, hata ile ya miaka mingi iliyopita. Jumla ikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi hupanda sana. Tafadhali, ukihamia hospitali nyingine, beba rekodi ya dozi zako. Hilo nawasihi wagonjwa wangu wote.

Zipo dawa nyingine zilizotokana na bakteria. Kwenye udongo wa kingo za mto Zambezi alipatikana Sorangium cellulosum, bakteria ambaye kemikali yake iligeuzwa kuwa iksabepiloni. Hii huishikilia mifupa ya ndani ya seli isibomoke, seli ikakwama katikati ya kujigawa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2007 kwa saratani ya matiti iliyosambaa na kuzishinda dawa za awali. Ulaya haikuikubali, hasa kwa sababu ya ganzi na maumivu ya neva mikononi na miguuni. Naielewa tahadhari hiyo. Mtu asiyeweza kufunga kifungo cha shati amepoteza kitu kikubwa.

Everolimusi, vidonge vinavyotolewa pamoja na dawa ya kuzuia homoni, asili yake ni bakteria wa kisiwa cha Rapa Nui, ambako udongo ulichukuliwa mwaka 1964. Kemikali ya bakteria huyo ilianza kuchunguzwa kama dawa ya kuvu. Leo tunaitumia kuzima njia ambayo seli ya saratani huitumia kupata amri ya kukua. Vidonda vya mdomoni ni vya kawaida, na dawa ya kusukutua yenye steroidi husaidia sana ikianza mapema.

Je, bakteria hai? Wazo lina mantiki. Katikati ya uvimbe mkubwa oksijeni ni kidogo, na wapo bakteria wanaostawi hasa mahali pa namna hiyo. William Coley, daktari wa upasuaji wa New York, aliwadunga wagonjwa wa saratani bakteria tangu 1891, na leo chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo ni bakteria hai aliyedhoofishwa, hutiwa kwenye kibofu kutibu saratani ya hapo iliyo ya juujuu. Kwa matiti, hakuna bakteria hai aliyeidhinishwa. Salmonella iliyodhoofishwa ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani nyingine iliyosambaa, walivumilia, lakini uvimbe haukupungua.

Kwa hiyo ukiuziwa vidonge vya bakteria hai kwa jina la tiba ya saratani, vilete kwanza kwa timu inayokutibu. Tibakemikali inaposhusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, bakteria asiyemdhuru mtu mwenye afya anaweza kuingia kwenye damu yako, na homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura ya kwenda hospitali usiku uleule.