Mabati ya juu si ya mvua peke yake, jamani

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mwenye godauni hapa Nakuru: "Injinia, tetemeko ni mambo ya msingi na nguzo, huko juu wewe weka tu mabati yasivuje." Nimechoka nayo. Na usiniambie kwetu hakuna tetemeko, tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, na Subukia ni hapo tu ukishapita Bahati.

Deki (si ile ya kupiga na maji, ni hayo mabati ya paa ama ya chini ya sakafu ya zege) ina kazi kubwa. Ardhi ikitingika kushoto kulia, uzito wa paa na sakafu unakataa kufuata, nguvu inazaliwa huko juu na lazima ifike kwa breisi (vyuma vya mshazari kati ya nguzo) ndio ishuke chini, na anayeisafirisha ni hiyo deki. Ulizeni fundi wa mageti: fremu tupu ukisukuma kona inalala upande, ukishapiga shiti inakaza. Paa ni geti limelazwa, basi.

Mzee kusikia hivyo akasema tuongeze geji, yaani bati nene zaidi. Hapana! Mara nyingi bati halichaniki katikati, linaachia kwa viungo. Kushika bati kwa boriti kila mtu anakumbuka, kushika bati kwa bati pale yanapopandana hakuna anayekumbuka. Nilipanda juu nikakanyaga bati moja katikati ya purlini mbili (vyuma vinavyobeba bati), likashuka, bati la jirani likabaki palepale linanitazama, mwanya wa kuingiza kidole. Skrubu kwa purlini zote ziko, pa kupandana hata moja!

Fundi naye akaja na yake, eti atachomelea kila mahali kwa sababu weldingi ndio nguvu. Bati jembamba hilo, ukizidisha moto unatoboa, ukipunguza haishiki chochote, na hata pointi nzuri ikifika mwisho inaachia ghafla, pa! Skrubu inainama, tundu lake kwa bati linarefuka polepole, na huko kurefuka ndiko kunakula nguvu ya tetemeko. Nataka kiungo kinacholalamika kabla ya kufa.

Sakafu ya zege juu ya deki ni rahisi kidogo, zege ndiyo inabeba, mradi stadi (vijiti vya chuma vinavyoshika zege kwa boriti) zimechomelewa vizuri na BRC, ule wavu wa chuma ndani ya zege, imepishana. Ila mkiacha tundu la ngazi palepale kando ya breisi, nguvu ipite wapi?

Kinachonikuna kichwa ni paa refu la mabati matupu. Hesabu inataka useme ni gumu kama slabu ama laini kama turubai, na ukweli uko katikati. Mimi napiga zote mbili nachukua ile mbaya, na bado silali vizuri. Tulifundishwa breisi ichoke kwanza, yaani ivutike na kupinda bila kukatika, paa libaki zima, lakini kwa haya magodauni naona paa litachoka kwanza tupende tusipende, kwa hivyo heri lichoke kwa skrubu.

Mzee amekubali skrubu za kupandana, moja kila sentimita 30, baada ya kuona bei haifiki hata ya rangi ya geti lake. Jumatatu narudi kukanyaga tena.